LevelDB na ugonjwa wa spidi

Jamani wadau, nimechoka na huu wimbo wa "LevelDB ina spidi, achana na MySQL". Hivi spidi ya kufanya nini?

LevelDB, iliyotolewa na Google mwaka 2011, inajua kitu kimoja: funguo zilizopangwa kwa mfuatano. Ukiipa namba ya usajili ya mwanafunzi, inakuletea rekodi yake chapchap. Sasa iulize nani hajalipa ada. Kimya! Haina faharasa nyingine, kwa hiyo unapitia rekodi zote moja moja, au unajitengenezea faharasa yako na kuirekebisha kila data inapobadilika. Ukisahau mara moja tu, aliyelipa anasomeka mdaiwa.

Halafu ni programu moja tu inayoweza kuifungua kwa wakati mmoja. Mkiweka ya pili ya kutoa ripoti, inakuta mlango umefungwa. LMDB nayo inaruhusu wasomaji wengi, lakini mwandishi ni mmoja mmoja, wengine foleni.

Sisemi ni mbovu. Nasema andikeni kwanza maswali mtakayoiuliza data, ndipo mchague pa kuiweka. Anayebisha aje na hoja, siyo na sekunde.