Wawili Katika Masafa Mamoja

Askari aliyezoea redio ya upepo aijua adabu yake: mmoja asemapo, mwenziwe hunyamaza. Wakisema pamoja, hasikiki yeyote sawasawa. Minara ya simu za mkononi nayo, kwa kawaida, humgawia kila mtu masafa yake au zamu yake; lakini masafa ni haba, na wenye simu ni wengi.

Mwaka 1972 Thomas Cover, mtaalamu wa Marekani, alionyesha kwa hesabu kwamba mtambo mmoja waweza kuwapelekea watu wawili habari mbalimbali kwa wakati mmoja, katika masafa yale yale. Hila yake i katika nguvu ya mawimbi. Chukua mfano wa mke aliye kambini karibu na mnara, na mumewe aliye doria mbali. Mnara humpa mume nguvu nyingi, mke nguvu chache. Naam, aliye katika shida ndiye apewaye fungu kubwa! Simu ya mume hupokea wimbi kubwa, na lile dogo hulihesabu kuwa mvumo tu. Simu ya mke hulifumbua kwanza la mume, ikaliondoa, ndipo ikabakiwa na lake.

Basi simu ya karibu hufumbua ishara zisizo zake. Kwa hiyo ujumbe sharti ufungwe kwa maandishi ya siri kabla haujatoka mnarani, jambo lisilo geni jeshini. Tena ikikosea kulifumbua wimbi la kwanza, na la pili huharibika.

Mwaka 2018 umoja wa 3GPP, upangao kanuni za simu duniani, ulimaliza kuichunguza mbinu hii bila kuitia katika kanuni za 5G. Watafiti wangali wakiipima kwa ajili ya mitambo ijayo.