Redio Ikingoja Wi-Fi, Hiyo Ni Simu Yenye Antena

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ndio msije mkaniambia nyani haoni kundule. Nilipopata leseni, pesa ya kwanza niliyoweka kwa hii kitu ya redio ya ridhaa ilienda kwa redio ya mkononi ya DMR na kahotspoti kadogo ka kuweka juu ya meza. Siku hiyo nilijiona nimefika. Nabonyeza kitufe nikiwa Nairobi, mtu wa Manchester ananijibu sauti safi kama yuko jikoni kwangu anakaanga mayai. Nikapiga video, nikapost, wasee wakabambika.

Halafu ikaja Jumapili ya 12 Mei 2024. Kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya, Tanzania, Uganda na majirani ikaanza kutambaa. Nikasema, basi leo ndiyo siku ya redio. Nikawasha. Sauti ikatoka imekatikakatika, kama roboti amemeza maji, kisha kimya. Redio niliyokuwa nikiiita ya dharura iliangushwa na kebo iliyokatika zaidi ya kilomita elfu mbili kutoka kwangu. Na hapo juu ya paa hewa ilikuwa mzima kabisa. Mimi tu ndiye sikuwa ninaitumia.

Tangu siku hiyo niko na msimamo mmoja, na najua kuna watu watanuna: redio ikingoja Wi-Fi ndio iongee, hiyo ni simu yenye antena. Tuache kuuziana kama redio ya dharura.

Angalia hiyo hotspoti inafanya nini. Nguvu yake ni kama miliwati 10. Sauti yako inatoka kwa mkono, inavuka sebule, inaingia kwa hako kasanduku, halafu safari yote iliyobaki inabebwa na intaneti mpaka kwa sava, na kutoka sava mpaka kwa hotspoti ya mwenzako. Redio imefanya kazi ya mita tano. Ungepiga WhatsApp ungefika kule kule, na hungehitaji leseni.

Lakini subiri, kuna wazee hapa tayari wanapiga makofi. Wazee wangu, shikamooni, lakini msishangilie bado. Ninyi mnasema dijitali yote ni upuzi, eti FT8 ni "kompyuta zinasalimiana" na mwanadamu ameenda kunywa chai. Hapo pia tunatofautiana, na kwa heshima zote, hiyo ni stori ya jaba.

Kwanza, Morse mnayoililia ni nini? Ni mawimbi yapo au hayapo, refu au fupi. Hiyo ndiyo dijitali ya kwanza hewani. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2003 ulipoondoa ulazima wa Morse kwa leseni za masafa ya chini, kuna waliosema redio ya ridhaa imekufa. Haikufa. Iko hapa tunaigombania.

Pili, FT8 haikutengenezwa na watoto wa TikTok. Ilitolewa 2017 na Joe Taylor na Steve Franke. Huyo Taylor ni mshindi wa tuzo ya Nobel ya fizikia ya 1993, mtu aliyezoea kusaka mawimbi hafifu ya nyota. Wakachukua ujuzi huo wakautia kwa laptopu yako. Kituo kinatuma kwa vipindi vya sekunde 15, kwa upana wa hezi 50 tu, wakati sauti ya kawaida ya SSB inakula hezi zaidi ya 2,000. Na inasomeka hata mawimbi yakiwa dhaifu mara mia kuliko kelele inayoyafunika. Sikio lako, mzee, hata likiwa la popo, hapo halisikii kitu. Huo si uchawi, ni hesabu. Kijana mwenye wati 5 na waya umefungwa kwa mwembe anaonekana bara lingine, bila kebo, bila sava, bila bando. Kama hiyo si redio, basi sijui redio ni nini. Na kama utaniuliza saa ya kompyuta itakaaje sawa bila intaneti, jibu ni GPS.

Ukweli usemwe pia upande huu. FT8 ni nzuri kwa kuthibitisha kwamba njia iko wazi, lakini haibebi stori. Nafasi ya maneno huru ni herufi 13, na nafasi tupu inahesabiwa. Jaribu kuomba msaada: "daraja limebebwa na maji" itaishia "DARAJA LIMEBE". Hapo mtu wa upande wa pili atafikiria unamtungia kitendawili. Kwa hivyo msee anayekusanya nchi mia kwa FT8 halafu anajiita mtu wa dharura, huyo pia tunamwambia akae chini kidogo.

Za kubeba ujumbe zipo. JS8Call ilitoka 2018, imejengwa juu ya kazi ile ile ya FT8, lakini unaandika sentensi na mwenzako anajibu, na kituo cha katikati kinaweza kukupitishia ujumbe. Winlink inapeleka barua pepe kwa masafa ya HF: huku kwako intaneti imelala, lakini kituo kinachokupokea kinaweza kuwa nchi nyingine ambako iko sawa. Na kama hutaki intaneti popote, vituo viwili vinaweza kupelekeana moja kwa moja.

Sasa turudi kwa sauti ya dijitali, maana tatizo langu si hotspoti pekee.

D-STAR ilitoka Japani kupitia chama cha redio cha huko, JARL. DMR ni kiwango ambacho ETSI ya Ulaya ilikichapisha 2005, kikiwalenga watu wa kazi: viwanda, walinzi, magari ya kampuni. System Fusion ni ya Yaesu, 2013. Lugha tatu, na redio ya moja haimwelewi wa nyingine moja kwa moja. Kichekesho ni kwamba zote tatu zinasaga sauti kwa kodeki za familia moja, AMBE, ambazo ni mali ya kampuni moja ya Marekani, DVSI. Mtengenezaji akitaka kuitumia kihalali analipia leseni au ananunua chipu. Wewe uliyenunua redio huoni ndani kunaendelea nini.

Mtu ataniambia, "Si ni kifaa tu, shida iko wapi?" Shida iko hapa. Kanuni za ITU zinaposema redio ya ridhaa ni ya nini, zinataja mambo matatu: kujifunza mwenyewe, kuwasiliana, na kuchunguza mambo ya kiufundi. Sasa nichunguze nini kama moyo wa redio umefungwa kwa kofuli? Kijana anayesomea uhandisi pale Juja au Eldoret anaweza kujenga antena, anaweza kuchoma saketi yake, lakini akifika kwa sauti anaambiwa, hapo usiguse. Tumegeuzwa wateja ndani ya kitu kilichoanzishwa na watu wa kujitengenezea.

Na si eti hakuna njia nyingine. David Rowe wa Australia alitengeneza Codec 2, kodeki huria ambayo yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuitumia bila kuomba ruhusa. Simu ya mezani ya dijitali hutumia biti 64,000 kwa sekunde kubeba sauti. Codec 2 inashuka mpaka biti 700 na bado maneno yanaeleweka. FreeDV ikaitumia kwa sauti ya dijitali kwenye HF. Na 2019 watu wa Poland wakaanzisha M17, mfumo mzima wa sauti ya dijitali ulio wazi kuanzia juu mpaka chini, kodeki yake ikiwa hiyo hiyo Codec 2. Vitu vipo bure, vinangoja mikono. Sisi tuko busy kubishana redio gani iko na skrini ya rangi.

Na ili nisionekane nina malaika wangu, VARA, ambayo watu wengi wa Winlink wanaipenda, si programu huria, na kasi yake kamili ni ya kulipia. Kipimo ni kile kile kwa wote.

Najua mtakuja na nini. La kwanza: "Mimi naishi kwa flati, keateka hakubali hata kamba ya nguo, antena nitaiweka wapi?" Nakusikia, na ni kweli. Kwa mtu kama huyo hotspoti ni mlango. Unajifunza adabu ya hewani, unapata marafiki, unazoea kutaja alama ya kituo chako bila kutetemeka. Sisemi uichome. Nasema usiishie hapo, na usiiite ya dharura, maana siku ya dharura ndiyo siku itakayokuacha.

La pili: "HF ni ghali." Pia kweli, na ushuru wa kuingiza vitu hausaidii. Lakini nani alisema kila mtu awe na yake? Chama tumezoea. Tunachangia harusi, tunachangia matanga, tunashindwa kuchanga watu sita redio moja ya HF ikae mahali pamoja? Antena ya mita 40 ni waya wa kama mita 20 uliokatwa katikati, na ukiufunga chini chini mchana, mawimbi yanapanda karibu wima na kurudi chini, yakiruka milima yote. Nairobi kwenda Kisumu, Nyeri au Garissa, hiyo ndiyo kazi yake. Na kama hata hiyo bado ni ndoto, chukua ile redio ndogo ya VHF ya Kichina ambayo kila mtu yuko nayo, iunganishe na simu kwa waya wa sauti, weka APRSdroid, na utume ujumbe mfupi kwa 144.800 MHz kwa jirani aliyefanya hivyo hivyo. Haifiki Manchester. Lakini inafika ng'ambo ya mto wakati daraja halipo.

Na madaraja hayakuwepo. Mwaka ule ule wa kebo, wiki chache tu kabla, mafuriko yalibeba watu Mai Mahiu usiku wa kuamkia 29 Aprili, na barabara zikakatika sehemu nyingi za nchi. Kanuni za kimataifa zinaturuhusu kuwapitishia wengine ujumbe hata kuvuka mipaka wakati wa maafa. Ruhusa tunayo. Nauliza tu: siku ile, mimi na hotspoti yangu tungempitishia nani ujumbe gani?

Kwa hivyo kabla hujanunua kitu, na kabla hujamshauri kijana mwingine anunue, fanya jaribio moja. Jumamosi moja, saa sita mchana, chomoa ruta na uzime data ya simu. Halafu jaribu kutuma sentensi moja kamili, si alama ya kituo na salamu, kwa mtu aliye kaunti nyingine, naye akurudishie neno kwa neno. Ukiweza, iwe kwa JS8Call, Winlink au kwa sauti ya kawaida ya SSB ya wazee, wewe uko na redio.

Usipoweza, usinune. Mimi pia sikuweza. Tafuta waya mita 20 tuanze. 73.