Msichana mwenye rimoti

Likizo ya Juni nilipanda Kibosho kumsalimia mama. Mvua haikukatika, watoto wakabanana kwenye simu yangu kutazama Big Hero 6, katuni ya mwaka 2014. Ndani yake kuna Baymax, roboti mnene mweupe aliyetengenezwa kuhudumia wagonjwa. Anakuuliza maumivu yako ni kiasi gani, kuanzia 1 hadi 10. Mimi mwandishi wa habari za afya nilifurahi kuliko watoto.

Ilipoisha, binti wa kaka yangu, miaka saba, akachora roboti wake. Huyo anabeba mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka tambarare hadi kwa bibi, kwa sababu shingo ya bibi inauma. Nilitaka kumpigia makofi. Kisha nikaona pembeni msichana ameshika rimoti. Nywele za njano, uso wa pinki.

"Huyu nani?"

"Aliyemtengeneza."

"Mbona si wewe?"

Akanishangaa. "Shangazi, wanaotengeneza roboti wako hivi."

Mzazi mwenzangu, filamu ile ilijitahidi. Shujaa wake, Hiro, ana asili ya Kijapani, kuna wasichana wawili wanasayansi, na Wasabi ni kijana mweusi. Ila msichana mweusi hayumo kwenye kikosi kile. Isitoshe, mtoto haamui kwa filamu moja. Anajumlisha zote alizowahi kuona, pamoja na vitabu na wanasesere.

Jambo hili lilipimwa zamani. Miaka ya 1940 huko Marekani, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wanasesere weupe na weusi. Wengi walimpenda mweupe na kusema ndiye mzuri. Hakuna aliyewaketisha chini kuwafundisha hivyo. Waliokota wenyewe katika yale waliyoyaona kila siku.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, tuchague. Akili and Me, ya Ubongo wa Dar es Salaam, inamhusu Akili, mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Ni jirani yetu kabisa! Kwa wakubwa kidogo ipo Kizazi Moto ya mwaka 2023, filamu fupi 10 za Waafrika. Mojawapo, Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda, ina wachungaji wa ng'ombe wenye viungo vya mashine. Itazame wewe kwanza, kuna vitisho.

Pili, tukae nao. Uliza: nani ametengeneza mashine? Nani anatoa amri? Nani anasubiri kuokolewa? Majibu yatakuambia mtoto ameweka nini kichwani.

Tatu, muda. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku.

Kesho yake nilifungua boksi la rangi zake. Pinki ilikuwa imebaki kipande, kahawia haijaguswa. Sikumhubiria. Nilimwomba tu achore tena, safari hii roboti awe wa kwake. Alifikiri kidogo, akachukua ile kahawia. Msichana akatoka na misuko mitatu.

Bibi aliutazama mchoro, akaagiza roboti aongezewe mikono, maana kuna na mikungu ya ndizi.