Trekta kuukuu lipigiwe hesabu kabla ya kutupwa

KILA Novemba inapokaribia, wenye matrekta wa Uyole hurudi kwenye swali lile lile. Fedha ya viazi na mahindi ishushe injini ya Massey Ferguson la zamani, au iwe malipo ya awali ya trekta jipya la mkopo?

Wengi huvutwa na rangi mpya. Sisi tunasema tuanze na daftari.

Massey Ferguson 135 na 165, ambazo zilianza kuundwa miaka ya 1960, zina injini za Perkins zisizo na kompyuta. Fundi mwenye spana na uzoefu huzifungua chini ya mparachichi. Kinachomuumiza mwenye trekta kuukuu ni siku linazosimama, kuliko hata bei ya kipuri. Tuseme linalima ekari 6 kwa siku. Likisimama siku 10 katikati ya msimu likisubiri pampu ya dizeli, ekari 60 zimekwenda kwa jirani. Mwenyewe huandika bei ya pampu tu. Ekari hizo hazimo kwenye daftari lake.

Trekta jipya nalo lina mzigo wake. Linaweza kulima miezi miwili au mitatu tu kwa mwaka, lakini marejesho ya benki hayajui kwamba mvua imekata. Baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, matrekta ya Farmtrac na New Holland yaliuzwa kupitia SUMA JKT kwa mkopo kutoka India, na miaka iliyofuata shirika hilo lilikuwa likiwafuatilia wakopaji walioshindwa kumaliza madeni. Kisha zikaja Ursus za Poland, zilizounganishwa Kibaha, mji ule ule ulioziunganisha Valmet za Finland miaka ya 1980. Kila jina jipya lina vipuri vyake. Kabla ya kutia saini, mkulima aulize chujio na sahani ya klachi vinapatikana Mbeya mjini, au mpaka Dar es Salaam?

Kwa anayebaki na la zamani, matengenezo yafanyike Julai hadi Septemba, mashamba yakiwa makavu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, hivyo ringi zikaguliwe. Moshi mweusi usiokoma huenda ni chujio la hewa lililojaa vumbi au nozeli mbovu, na hapo hakuna haja ya kushusha injini. Dereva anayelipwa kwa ekari hana haraka ya kupiga grisi (na nani amlaumu, kama dakika hizo hazilipwi?), basi alipwe na kwa kazi hiyo. Lakini bloku ikipasuka na giaboksi ikawa inaruka gia, muuze kwa vipuri, msibembelezane nalo.

Linalotukera ni mikopo. Mfuko wa Taifa wa Pembejeo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, umewahi kukopesha hata kwa ukarabati wa matrekta. Benki nyingi hupenda kitu kipya kinachoshikika kama dhamana. Tunazitaka zikubali kukopesha injini, pampu na matairi, fedha zitoke Juni na marejesho yaanze baada ya mavuno. Nayo VETA Mbeya ifungue darasa fupi la mafundi wa matrekta, kwa kuwa mafundi wengi waliobaki wanazeeka pamoja na mashine zao.