Fidia Peke Yake Haitoshi: Aliyeumia Arudishwe Kazini

Huku Rungwa, mkoani Singida, wapo ndugu zetu wengi wanaokula mkate wao kwa kazi za hatari. Wapo askari wanaolinda Pori la Akiba la Rungwa, ambako tembo na nyati hawana mzaha. Wapo madereva wa malori na vibarua wa barabara iendayo Itigi. Mtu mmoja akikatwa mguu, familia nzima huyumba.

Tunashukuru kwamba sheria ipo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulianza kupokea michango mwaka 2015, na anayechangia ni mwajiri, si mfanyakazi. Pamoja na matibabu na fidia, Mfuko hutoa huduma za utengamao. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu.

Hata hivyo, fidia haimrudishi mtu kazini. Anayemrudisha ni mwajiri anayekaa naye na kumuuliza: sasa unaweza kufanya nini, nasi tubadilishe nini? Askari aliyepoteza mguu hataweza doria ndefu, lakini ataweza kushika redio ya mawasiliano, kusimamia geti, au kuwafundisha vijana kusoma nyayo. Ujuzi wake haukukatwa pamoja na mguu. Aanze kwa saa chache, atengenezewe njia na choo anachoweza kukitumia, na wenzake waandaliwe kumpokea.

Katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki zake kamili, na asaidiwe kushiriki kazi kadiri ya uwezo wake. Fundisho hilo linatugusa sisi kwanza. Parokia, shule, hospitali na seminari zetu ni waajiri wa wapishi, walinzi na madereva. Je, tumewasajili na kuwachangia? Mmoja wao akiumia, tunamwandalia nafasi, au tunapitisha kapu la mchango Dominika moja na kumuaga? Mchango ni tendo jema, lakini hauchukui nafasi ya haki.

Ndugu waseminari, kesho mtakuwa maparoko, na maparoko ni waajiri. Jifunzeni sheria hizi sasa. Nanyi waamini, mwenzenu akiumia kazini, hakikisheni ajali inatolewa taarifa mapema, kisha mwulizeni mwajiri wake swali moja: atarudi lini, na kwa kazi ipi?