Fedha Zetu Zikivuka Mpaka, Mwenyewe Nani?

Hapa Nyegezi, katika kibanda kimoja cha chai karibu na stendi ya mabasi, palizuka ubishi ambao hadi leo haujanitoka kichwani. Kijana mmoja alikuwa akisoma kwa sauti habari ya kampani ya Tanzania, Amsons, iliyoinunua Bamburi, kampani ya saruji ya Kenya, mwishoni mwa 1024+1000, yaani 2024. Wenzake wakashangilia kama kwamba timu yetu imefunga bao Nairobi. Mzee aliyekuwa pembeni na kikombe chake akauliza: "Tumenunua sisi, au amenunua yule?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana mzee aliuliza swali ambalo hapana budi tulijibu.

Kwa miaka mingi tumezoea kusema juu ya mtaji uingiao: nani aletwe, apewe ardhi gani, asamehewe kodi ipi. Sasa mtaji wenyewe umeanza kutoka kwetu. Bamburi ilinunuliwa kwa shilingi 65 za Kenya kila hisa, jumla yake karibu dola milioni 180, na muuzaji mkubwa alikuwa Holcim, kampani ya Uswisi. Kabla ya hapo benki ya CRDB ilikwisha kufungua milango Bujumbura mwaka 2012, kisha Lubumbashi mwaka 2023. Bakhresa anasaga unga Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji. Mtanganyika wa 1961 angeambiwa hayo angedhani anatiwa maneno ya uongo.

Basi tufurahi? Ndiyo, tufurahi, lakini tukikumbuka tulikotoka.

Zama za ukoloni fedha za London zilipita Nairobi ndipo zikatufikia. Mwaka 1935 kampani ya pombe ya Kenya iliinunua Tanganyika Breweries, na mwaka uliofuata ikajiita East African Breweries. Jina likawa letu sote, faida ikawa na kwao. Tulipopata uhuru viwanda vingi vilikuwa Kenya, vingine Jinja, na sisi tulikuwa soko. Wakubwa wetu hawakunyamaza. Mwaka 1964 palifanyika mapatano ya Kampala ya kugawana viwanda, na mkataba wa 1967 ukaruhusu nchi iliyo nyuma kutoza kodi bidhaa za jirani aliyetangulia. Hayo yote yalikwisha Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka 1983, na watu wa Sirari wanaijua habari hiyo kuliko mimi. Mkataba mpya ulitiwa sahihi mwaka 1999.

Wakati sisi na jirani zetu tunaanza kusalimiana tena, fedha za kusini zilikuwa zimekwisha kuingia. Ubaguzi ulipokuwa unaanguka Afrika Kusini, mabepari wa huko walipata njia. Mwaka 1993 South African Breweries walichukua nusu ya Tanzania Breweries. Watu wakasema afadhali, hawa ni Waafrika, wamekuja ndugu. Lakini mwaka 1999 kampani hiyo ilihamishia makao ya hisa zake London, na mwaka 2016 ikanunuliwa nzima na AB InBev, kampani kubwa ya Ubelgiji. Mfanyakazi wa kiwanda cha bia hapa Mwanza alilala akiwa mtu wa Johannesburg, akaamka mtu wa Ubelgiji, wala hakuna aliyemwuliza.

Ng'ambo ya ghuba yetu, huko Geita, mambo ni hayo hayo. Mgodi ule ulifunguliwa mwaka 2000 na Ashanti ya Ghana, kisha AngloGold ya Afrika Kusini ikaingia ubia nayo. Sikilizeni, ndugu: kampani kutoka nchi ya Kwame Nkrumah, ikichimba dhahabu katika ardhi ya Usukuma! Ingalikuwapo siku ya kujivunia, basi ni hiyo. Mwaka 2004 kampani mbili zikaungana, na mwaka 2023 AngloGold Ashanti ikaandikishwa Uingereza, na soko kuu la hisa zake likawa New York. Dhahabu ni ile ile, shimo ni lile lile. Jina la Ashanti nalo limebaki ubaoni.

Kuna na upande mwingine. Shoprite ya Afrika Kusini ilifungasha virago hapa nchini mwaka 2014 ikawaachia Nakumatt wa Kenya maduka yake. Uchumi, pia wa Kenya, alifunga maduka ya Tanzania na Uganda mwaka 2015. Nakumatt mwenyewe hakukaa miaka mingi akaanguka. Mwenye duka akibanwa nyumbani, tawi la ugenini ndilo hukatwa kwanza, na waliomwuzia bidhaa kwa mkopo hubaki na karatasi.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu sasa zamu ni yetu. Mtu wa Mombasa afanyaye kazi Bamburi ana haki ya kutuuliza yale yale tuliyowauliza wao. Kiwanda chake kilianza kazi mwaka 1954 chini ya wazungu, kikawa cha Waswisi, leo ni cha Mtanzania, na Wakenya wengi waliokuwa na hisa nao waliuza. Ikiwa tulinung'unika tulipokuwa soko la Nairobi, basi haitupasi kumfanya Mrundi au Mmalawi soko letu tukaita jambo hilo umoja wa Afrika.

Wako wasemao fedha zisitoke kabisa. Husema: pamba ya Misungwi na Kwimba sehemu kubwa hutoka nchini bila kusokotwa, na wewe wapeleka mamilioni Kenya? Neno hilo lina nguvu, nami nakiri limenitesa. Hata Wajapani, baada ya vita, waliwabana matajiri wao wasipeleke mitaji nje ovyo, wakaanza kulegeza kidogo kidogo mwaka 1969. Wachina nao walijijenga kwanza, ndipo karibu na 2001 wakawahimiza watu wao watoke. Lakini sisi tulikwisha kufungua mlango: tangu 2014 kanuni za fedha za kigeni zinamruhusu mkazi wa Tanzania kuwekeza katika nchi za Jumuiya. Kuufunga tena ni kumfundisha tajiri kupita dirishani. Mimi sioni faida yake.

Neno langu ni juu ya mwenyewe. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliijua maana ya kumiliki kabla ya uhuru. Mwaka 1955, akiwamo Paul Bomani, waliunda Victoria Federation, wakajenga vinu vyao wenyewe vya kuchambulia pamba, na muungano wao ukahesabiwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kabisa katika Afrika. Vyama hivyo vilivunjwa na serikali yetu wenyewe mwaka 1976, vikarudi baadaye vikiwa vimechoka. Kosa hilo tusiwatwike wakoloni.

Na CRDB ilianza kama nini? Ilikuwa benki ya ushirika na maendeleo ya vijijini. Iliuzwa kwa watu binafsi mwaka 1996, ikaingia soko la hisa la Dar es Salaam mwaka 2009, na leo ina maelfu ya wenye hisa wadogo. Tawi la Bujumbura likipata faida, mwalimu wa Malimbe mwenye hisa chache hupata senti zake, naye ana haki ya kusimama katika mkutano mkuu akauliza hesabu. Huyo anaweza kusema "tumenunua sisi" bila aibu. Mnunuzi wa saruji ya Amsons au unga wa Azam hawezi, ijapokuwa faida iliyovuka mpaka ilichumwa mfukoni mwake.

Vodacom ilipotakiwa na sheria kuuza robo ya hisa zake kwa umma mwaka 2017, haikufa. Kwa nini sharti kama hilo lisimpate tajiri wetu anayetaka kuvuka mpaka na mamilioni ya dola? Auze fungu hapa kwanza, kwa bei ambayo chama cha akiba na mikopo cha wavuvi kinaimudu. Hesabu zake azitangaze kila mwaka kwa Kiswahili, aseme amepeleka kiasi gani na kimerudi kiasi gani. Na huko aendako auze fungu kwa wenyeji vile vile.

Nilirudi kwa mzee yule nikamweleza habari ya hisa. Akaniuliza zauzwa wapi. Nikamwambia kwa madalali, na wengi wako Dar es Salaam. Akageukia chai yake.