Vyaelea Vimeundwa: Lugha ya Gereji na Elimu Yetu

Huenda wapo wasomaji watakaostaajabu kumwona mhadhiri wa isimu akiacha ngeli na viambishi vyake akaandika kuhusu gari la mbio, tena gari kuukuu. Wenye fikira hizo nawaomba subira. Gari hilo limenionyesha jambo linalowahusu walimu na wanafunzi kuliko linavyowahusu wapenzi wa mbio: kwamba nchi hii ina maarifa mengi ya ufundi yanayosemwa kwa Kiswahili kila siku, ilhali vyuo vyetu vinajifanya havijayasikia.

Ikumbukwe kwamba gari la mashindano si kitu kigeni kwetu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda akiendesha Datsun 1600 SSS. Shekhar Mehta alishinda mara tano, kwanza mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Joginder Singh alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano ya Safari ya magari ya zamani. Mengi ya magari hayo ya kale yalikuwa ndugu wa magari yaliyouzwa madukani kwa mwalimu, daktari na mfanyabiashara, yakaimarishwa na mafundi hadi yakastahimili matope na mawe.

Mimi ninamiliki Datsun 1600 SSS, na ninalitunza hapa Nanyuki. Injini yake ina silinda nne na kabureta mbili, haina kompyuta hata moja. Kila kitu kinaonekana kwa macho na kushikika kwa mikono. Kwa sababu hiyo gari la aina hii ni darasa bora la fizikia kuliko gari jipya ambalo maarifa yake yamefungiwa ndani ya kisanduku cha umeme.

Chukua mfano wa mji wetu wenyewe. Nanyuki iko takriban mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kati ya asilimia 15 na 20. Injini hupumua kama mwanariadha. Hewa ikipungua, nguvu nazo hupungua. Kabureta iliyopangwa pwani ikiletwa huku mlimani huendelea kumimina mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, plagi zikajaa masizi meusi na gari likaanza kukohoa. Dawa yake ni kuzungusha nati iliyo chini ya kabureta ili jeti ipande, nafasi kati yake na sindano ibanwe, na mafuta yapungue. Mwanafunzi aliyefanya kazi hiyo mara moja hatasahau maana ya uzito wa hewa, hata kama kitabu chake kimeraruka.

Vijana wanaolitembelea gari hili huniuliza swali moja tu: litaongezwaje nguvu? Huwajibu kwamba mwenye busara huanza na breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri muda unavyopita. Yakipata joto la kushika breki mara kwa mara uwanjani, unyevu huo hugeuka mvuke na kanyagio likazama bila kulisimamisha gari. Kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, na kwa gari la mashindano mapema zaidi. Baada ya breki huja tairi. Ubavuni mwa tairi lililoundwa kuanzia mwaka 2000 pana tarakimu nne: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozeeka hugumu likapoteza mshiko, hata kama kashata zake bado ni nzima. Kisha hufuata bushi, springi na mfumo wa kupoza injini. Nguvu huongezwa mwisho, na huongezwa kwa ajili ya uwanja uliofungwa, wenye wasimamizi na gari la wagonjwa, wala si kwa ajili ya barabara ya Naro Moru ambako watoto hutembea kwenda shule.

Haya yote sikuyatoa katika vitabu pekee. Mengi nimefunzwa na fundi mmoja mzee ambaye karakana yake ni mabati manne na mti wa kivuli. Hunieleza kila ugonjwa wa injini kwa Kiswahili kilichonyooka, na lugha yake ina utajiri unaostahili uchunguzi. Kwake gari huwa "inakohoa", "inachemsha" au "inakula mafuta", maana amelifanya kiumbe chenye kifua na tumbo, na kutokana na sitiari hizo anajua aanzie wapi kutafuta ubovu. Injini "ikishushwa" kila mtu hapo hujua kwamba itafunguliwa yote na kutengenezwa upya. "Ikinoki" ndiyo mwisho wake. Neno hilo limetoka katika Kiingereza, ambako hutaja mlio tu wa kugongagonga, lakini mafundi wetu wamelipeleka mbele likawa jina la kifo chenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya lugha iliyo hai: hukopa, hurekebisha, kisha humiliki.

Sasa tuangalie kinachompata mwanagenzi wa fundi huyo. Mikono yake inajua, na masikio yake yanautambua ubovu kabla boneti haijafunguliwa. Akitaka cheti huenda katika chuo cha ufundi, na vyuo vyetu hufundisha na kutahini kwa Kiingereza. Kijana aliyeeleza vizuri jana jinsi kabureta inavyofanya kazi leo huketi mbele ya karatasi akakosa la kuandika. Tunamwita dhaifu. Hapo tumepima Kiingereza chake, ufundi wake hatukuugusa. Fundi mzee naye atakapoondoka, maarifa yake hayatakuwa yameandikwa popote.

Najua pingamizi litakalotolewa. Watasema Kiswahili hakina msamiati wa mitambo, na vitabu vya magari havikuandikwa kwa lugha yetu. Kuhusu msamiati, Kiingereza chenyewe kilipokea maneno ya gereji, chesisi na shofa kutoka Kifaransa, wala hakikuona haya. Sisi tunayo pistoni, plagi, klachi, giaboksi na gasketi, na kila fundi kuanzia Nyeri hadi Meru anayaelewa. Kuhusu vitabu, havitaandikwa na mtu mwingine. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Cheo hicho kina maana gani ikiwa lugha rasmi haiwezi kumtahini fundi?

Sipendekezi Kiingereza kifukuzwe chuoni. Fundi wa leo anahitaji kusoma maelezo ya kiwanda, na magari mapya humtaka ajue kompyuta. Ninalopendekeza ni kwamba mtihani wa ufundi uandikwe kwa lugha zote mbili na mtahiniwa achague. Nawaomba pia walimu wa Kiswahili waache kutoa kila mwaka insha ya "Siku Nitakayoikumbuka Daima". Watumeni wanafunzi gerejini wakiwa na daftari. Waandike hatua za kubadilisha pedi za breki, wakusanye majina ya vifaa na vitenzi vya mafundi, kisha wayalinganishe darasani. Baada ya miaka michache kila shule itakuwa na kamusi yake ndogo, na wanaotunga vitabu watakuwa na pa kuanzia.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kila anayetaka gari jipya ana haki yake. Ila kwa kuwa sheria kwa kawaida haituruhusu kuingiza gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane, makuukuu yaliyomo nchini yatadumu kwa matunzo ya mafundi wetu tu. Ukiona vyaelea vimeundwa, na aliyeviunda ana lugha yake. Chuo kimuulize kwa lugha hiyo.